Meneja wa Montréal, mashine ya Mama, na namna yetu ya kuhukumu

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya makala. Nataka kuwaeleza juu ya mtu mmoja aliyefukuzwa kazi mbali sana na Kivu, katika mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Mnivumilie kidogo. Habari yake inagusa jambo tunalogombania kila siku majumbani mwetu: nani aliamua vizuri, nani aliamua vibaya, na nani aachishwe kazi kwa sababu hiyo.

Mtu huyo anaitwa Marc Bergevin. Kuanzia Mei 2012 hadi Novemba 2021 alikuwa meneja mkuu wa Canadiens, ekipe ya hoki ya barafuni ya Montréal, nchini Kanada.

Nilimfahamu kupitia mdogo wangu. Yeye anaishi Montréal, mji unaopokea Wakongo wengi kwa sababu Kifaransa kinazungumzwa pale. Kazi yake ni ya usiku, kupanga mizigo katika depo moja. Akiwa peke yake anasikiliza redio, na redio za pale zinazungumza hoki kama sisi tunavyozungumza siasa: asubuhi, mchana na usiku, watu wanapiga simu na kugombana. Kisha ananitumia sauti kwa WhatsApp. "Yaya, sikiliza huyu mtu alichofanya tena." Ndivyo nilivyojifunza hoki, kwa masikio, kabla ya kuona mechi hata moja.

Kwa asiyejua: hoki ya barafuni inachezwa na watu sita kila upande, golikipa akiwemo. Wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza juu ya barafu na kusukuma kisahani cha mpira mgumu kwa fimbo. Ligi kubwa kuliko zote inaitwa NHL. Leo ina ekipe 32 za Marekani na Kanada, na kombe lake linaitwa Stanley. Canadiens wamelichukua mara 24, kuliko ekipe nyingine yoyote, lakini mara ya mwisho ilikuwa 1993. Hata sisi tuna mtoto wetu mle: Bokondji Imama, aliyezaliwa Montréal kwa wazazi waliotoka Kongo, amefika kucheza katika ligi hiyo. Mdogo wangu hutaja jina lake kama anamtaja mtu wa familia.

Meneja mkuu si kocha. Hasimami kando ya uwanja. Yeye anachagua wachezaji, anaandika mikataba yao, anabadilishana wachezaji na ekipe nyingine, anamwajiri kocha na kumfukuza. Na mikono yake imefungwa na sheria moja: mishahara yote ya ekipe haiwezi kupita kikomo kilichowekwa na ligi. Msimu wa 2021-2022 kikomo kilikuwa dola milioni 81 na nusu. Ekipe tajiri na ekipe maskini, kikomo ni kimoja. Kwa hiyo kila dola anayompa mchezaji mmoja anaitoa mdomoni mwa mwingine. Mama anayegawa mfuko mmoja wa unga kwa watoto saba anaielewa kazi hiyo bila mimi kuongeza neno.

Sasa tuangalie alichoamua.

Mwaka 2016 mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Alikuwa na jezi namba 76, jezi ya P.K. Subban. Subban ni mtu mweusi, wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Mwaka 2013 alipata tuzo ya beki bora wa ligi nzima. Mwaka 2015 aliahidi kukusanya dola milioni 10 kwa ajili ya hospitali ya watoto ya Montréal. Kwa mtoto mweusi wa wazazi wahamiaji, kuona mtu kama huyo akipigiwa makofi na mji mzima, hilo si jambo la mchezo tu.

Tarehe 29 Juni 2016, Bergevin alimpeleka Subban kwa ekipe ya Nashville na kumchukua Shea Weber, beki mwingine. Subban alikuwa na miaka 27. Weber alikuwa na 30, na mkataba wake ulikuwa unakwenda hadi 2026. Mtoto alilia. Mdogo wangu alinitumia sauti ya dakika sita, na mwisho wake akasema: "Yaya, huyu mtu lazima aondoke." Nikamjibu kwamba ana haki. Sikuwa nimemwona Weber hata kwa picha.

Mwaka uliofuata, 2017, Nashville ilifika fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, Subban akiwa ndani. Montréal walikuwa wametolewa mapema. Mdogo wangu akasema kesi imefungwa: meneja ni mjinga.

Mambo ambayo hakuniambia wakati ule, nami sikuuliza, yalikuwa mawili. La kwanza: katika mkataba wa Subban kulikuwa na kifungu kilichoanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2016. Kuanzia siku hiyo, hakuna ambaye angeweza kumhamisha bila yeye mwenyewe kukubali. Meneja alikuwa na siku mbili tu zilizobaki. Sisi tunaomhukumu tumekuwa na miaka. La pili: Weber alikuja kuwa kapiteni wa Montréal mwaka 2018, na vijana wa ekipe walimfuata.

Kulikuwa na maamuzi mengine. Juni 2017, Bergevin alimtoa Mikhail Sergachev, beki kijana ambaye hajafikisha miaka 19, akamchukua Jonathan Drouin, mtoto wa Québec anayezungumza Kifaransa. Mji ulishangilia, kwa sababu pale watu wanataka sana kuona watoto wao katika ekipe. Drouin hakufikia walichotegemea. Sergachev alichukua kombe na Tampa Bay mara mbili, 2020 na 2021. Julai 2017 hiyo hiyo, meneja alimpa golikipa wake, Carey Price, mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 84. Hesabu yake ni dola milioni 10 na nusu kila mwaka, karibu sehemu moja ya nane ya pesa zote za wachezaji, kwa mtu mmoja. Na Septemba 2018 alimpeleka kapiteni wake, Max Pacioretty, kwa ekipe ya Vegas. Kati ya vitu alivyopata kulikuwa na kijana wa miaka 19 ambaye hajacheza hata mechi moja katika ligi kubwa. Jina lake Nick Suzuki.

Mtu ni yule yule, biro ni ile ile. Moja limeharibika, lingine limezaa. Ukimwuliza mdogo wangu wakati ule, alihesabu yaliyoharibika tu.

Sasa niwarudishe Goma, kwa sababu mwaka 2021 hoki na maisha yetu vilikutana njiani.

Mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotoa moto jioni. Zaidi ya watu 30 walikufa, na upande wa Buhene nyumba zilimezwa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 27 tangazo likatoka: mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke mara moja. Wataalamu walisema moto uko chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba unaweza kutoka wakati wowote bila alama. Mtaa wetu, Majengo, ulikuwa kati ya hiyo 10.

Mama yetu alikuwa na mashine ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu. Mdogo wangu aliinunua kwa pesa za mwaka wake wa kwanza Kanada. Mashine hiyo ilishona sare za shule za mtaa mzima, na ndiyo iliyolipa dawa za Mama. Asubuhi ile Mama alisema hatoki bila mashine. Nikatafuta chukudu. Mwenyewe aliomba dola 50 hadi Sake. Kabla ya moto angeomba kidogo sana, lakini siku ile kila mtu alikuwa na kitu cha kubeba. Mfukoni nilikuwa na dola 60. Tulikuwa watu tisa. Nikasema: "Mama, acha. Tunafunga mlango, tutarudi." Hakunijibu. Alichukua mkasi wake na kanda ya kupimia, akaviweka kifuani, tukatembea.

Usiku tulilala katika darasa moja Sake, zaidi ya watu hamsini, watoto wakikohoa. Mtandao ulirudi kwa dakika chache alfajiri. Simu ikalia: sauti ya mdogo wangu, anapiga kelele kwa furaha. Montréal walikuwa wanacheza na Toronto katika duru ya kwanza ya mchujo. Walikuwa wamepoteza mechi tatu na kushinda moja. Wakipoteza tena, wanarudi nyumbani. Usiku huo waliingia muda wa nyongeza, na kabla ya dakika moja kuisha mchezaji wa Toronto akatoa pasi mbovu. Suzuki na kijana mwingine, Cole Caufield, wakabaki wawili peke yao mbele ya golikipa. Caufield akampa Suzuki, Suzuki akafunga. Na yule aliyetoa pasi mbovu, Alex Galchenyuk, alikuwa mchezaji wa kwanza Bergevin kumchagua alipoanza kazi mwaka 2012. Aliondoka Montréal 2018 kwa uamuzi wa Bergevin huyo huyo.

Nikamwandikia: "Tuko Sake. Mama analala chini." Alikuwa hajajua. Alinyamaza siku nzima.

Montréal walishinda mechi mbili zilizofuata na kuitoa Toronto. Wakaishinda Winnipeg mechi nne kwa sifuri. Tarehe 24 Juni, siku ya sikukuu ya Québec, waliitoa Vegas na kuingia fainali ya kwanza tangu 1993. Price alikuwa golini akizuia kila kitu. Weber alicheza na majeraha. Suzuki alikuwa katikati. Mji mzima uliomcheka Bergevin kwa miaka ulimwona amebarikiwa. Tarehe 7 Julai walipoteza kwa Tampa Bay, ekipe ya Sergachev, lakini hakuna aliyekasirika. Ilikuwa kama mwaka 2010, Mazembe walipofika fainali ya dunia na kufungwa na Inter mabao matatu: tulipoteza, na bado tulitembea vifua mbele.

Sisi tulikuwa tumerudi Goma mwanzoni mwa Juni. Moto wa pili haukutoka. Ziwa halikulipuka. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa umevunjwa, na mashine haikuwepo.

Wiki hiyo nilisema jambo kwenye antena ambalo leo naona aibu kulirudia. Nilisema: "Tulikimbia kivuli." Nilisema waliotuondoa walituharibia maisha bure, na kwamba mtu aliyeamua vile hafai kubaki kazini. Simu zilimiminika. Kila aliyepiga alikubali, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mlango wake uliovunjwa.

Naye mdogo wangu, kutoka Montréal, alinihukumu mimi. "Yaya, mashine ya Mama. Ulishindwa kulipa chukudu moja?" Nilimwambia asiyekuwepo anyamaze. Tuliacha kusemezana, tukawa tunapitia kwa mke wake kuuliza habari za Mama.

Huko Montréal mambo yaligeuka haraka. Weber hakucheza tena baada ya fainali ile. Mwili ulikuwa umekwisha. Price alifanyiwa upasuaji wa goti, kisha akaomba muda wa kutunza afya yake. Phillip Danault, mchezaji wa katikati, alikwenda Los Angeles mkataba wake ulipoisha. Jesperi Kotkaniemi, kijana aliyefunga bao la mechi ya sita dhidi ya Toronto, alipewa na Carolina dola milioni 6 na zaidi kwa mwaka mmoja, na Montréal wakaona ni nyingi mno, wakamwachia. Msimu ulipoanza waliporomoka. Katika mechi 23 walishinda 6. Tarehe 28 Novemba 2021, mwenye ekipe, Geoff Molson, alimfukuza Bergevin. Miezi mitano haikuwa imepita tangu fainali.

Usiku huo mdogo wangu alinipigia mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miezi. "Yaya, wamemfukuza." Nilingoja acheke. Hakucheka. "Mwezi wa saba walikuwa wanamwimbia," alisema. "Na mimi nilikuwa nawaimbisha."

Nilimwomba tufanye kama tunavyofanya kwenye redio tunapochunguza habari. Tuchukue uamuzi mmoja mmoja, na kila mmoja tuuulize maswali matatu. Siku ile, mtu alijua nini? Alikuwa na njia gani nyingine, na muda kiasi gani? Na nani alibeba mzigo wa kosa kama likitokea?

Tukaanza na Subban. Mwaka 2017 uamuzi ulionekana wa kijinga. Juni 2021, Weber akiongoza hadi fainali, ulionekana wa busara. Novemba 2021, Weber akiwa hawezi kucheza na mkataba wake ukiwa na miaka mbele, ulionekana wa kijinga tena. Uamuzi ni mmoja, haukubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni siku ambayo sisi tunautazama. Tukikubali kupima kwa mwisho tu, itabidi tuseme mwisho ni lini. Mdogo wangu alisema bado anaumia kwa ajili ya mtoto wake, na mimi nikamwambia maumivu hayo ni ya haki. Lakini maumivu hayawezi kumwambia kama siku ile, na siku mbili mkononi, kulikuwa na njia bora.

Tukaja kwa Price. Hapo mdogo wangu alimkosoa meneja, na nilikubaliana naye. Golikipa angekuwa na miaka 31 mkataba mpya ukianza, na miaka 38 ukiisha. Mwili wa mchezaji unachakaa, hilo lilijulikana siku ya kusaini, hakuna haja ya kungoja goti liharibike ndipo tuseme. Lakini pia bila Price hakuna fainali ya 2021. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa na bei kubwa iliyojulikana, na zawadi iliyokuja. Mtu mwenye haki anataja vyote viwili.

Halafu tukafika kwenye ule ambao hauna utetezi. Kila mwaka ekipe za ligi zinachagua vijana wapya kwa zamu. Julai 2021, wiki chache baada ya fainali, Montréal walimchagua kijana aliyekuwa ametozwa faini Sweden kwa kusambaza picha ya faragha ya msichana bila ruhusa yake. Kijana mwenyewe alikuwa ameomba ekipe zisimchague mwaka ule. Wakamchagua. Siku chache baadaye mwenye ekipe aliandika barua ya kuwaomba watu radhi.

Hapa swali la mwisho ulikuwaje halina kazi. Hata kijana yule angekuja kuwa mchezaji bora duniani, uamuzi ungebaki mbaya, kwa sababu kila kitu kilijulikana siku ile: kosa, ombi la kijana, na msichana ambaye aliumizwa na sasa anasikia jina hilo likisomwa kwa heshima. Hakukuwa na haraka, ekipe nyingine zilipita bila kumchagua. Na mzigo haukubebwa na meneja, ulibebwa na msichana. Mdogo wangu ana binti. Hapo alikaa kimya muda mrefu.

Kisha akauliza, taratibu: "Yaya, yule wa chukudu alitaka pesa ngapi?"

Nilimwambia: dola 50. Akauliza nilikuwa na ngapi. Nikamwambia: 60. Akauliza tulikuwa watu wangapi, na kama nilijua ni siku ngapi. Nikamwambia tisa, na kwamba hakuna aliyejua. Nilisikia anavuta pumzi. Hakuomba msamaha kwa maneno, na sikuhitaji. Alisema tu: "Na chakula kingetoka wapi."

Mama alikuwa karibu, anasikia kwa sababu simu yangu hupiga kelele. Akasema: "Na huko juu, wale waliotuambia tutoke, mmewauliza hayo maswali matatu?"

Nilikaa na neno hilo usiku mzima. Wataalamu walijua nini tarehe 27 Mei? Walijua moto umeshatoka siku tano kabla na kuua. Walijua ardhi inatetemeka na kupasuka katikati ya mji. Walijua mwaka 2002 moto uliingia hadi mjini. Muda walikuwa nao? Hapana. Kama wangengoja wawe na hakika, na moto ukatoka Majengo saa tisa usiku, leo ningekuwa naandika majina. Moto haukutoka. Hilo ni bahati yetu, na bahati haimfanyi aliyetuondoa kuwa mwongo.

Wiki iliyofuata nilisema kwenye antena kwamba nilikosea. Watu wachache walipiga simu safari hii. Nilisema pia yale ambayo bado nayashikilia. Kwa nini tarehe 22 hatukupata onyo kabla ya moto? Kwa nini, watu wakiondolewa mitaani, nyumba zao zilibaki bila ulinzi wa kutosha, wakati kila mtu anajua wezi hawakimbii volkano? Maswali hayo hayangoji mwisho. Yalijulikana siku ile ile.

Na kufukuzwa? Watu huniuliza: basi Bergevin alionewa? Sisemi hivyo. Kuhukumu uamuzi ni kazi moja, na kuamua kama mtu abaki kazini ni kazi nyingine. Mkataba wake ulikuwa katika mwaka wa mwisho. Ekipe ilikuwa imevunjika, imani ilikuwa imepungua baada ya barua ile ya radhi, na miaka tisa na nusu ni mingi katika kazi hiyo. Mwenye ekipe anaweza kumwondoa kwa sababu njia inahitaji dereva mwingine, bila kusema kwamba kila kona aliyokata ilikuwa mbaya. Kosa letu ni kuchanganya: mtu akiondolewa, tunasema yote aliyofanya yalikuwa takataka, akishinda, tunasema yote yalikuwa dhahabu.

Angalieni kilichofuata. Montréal walimaliza msimu ule wa mwisho kabisa katika ligi. Januari 2022 walimpa kazi meneja mpya, Kent Hughes. Septemba 2022 Suzuki, yule kijana aliyeletwa 2018, alifanywa kapiteni. Caufield, aliyechaguliwa 2019, amekuwa mfungaji wao. Mwaka 2025 walirudi kwenye mchujo, wawili hao wakiwa mbele. Sifa nyingi zinakwenda kwa meneja mpya, naye amefanya kazi yake. Lakini mbegu hizo mbili alizipanda aliyefukuzwa. Mtoto wa mdogo wangu sasa ni kijana mkubwa, anavaa jezi namba 14, ya Suzuki. Ile namba 76 haimtoshi tena, lakini amekataa kuitoa.

Nimeandika haya kwa sababu ya ninyi mlioko makambini. Katika hema nyingi nilizoingia na mikro yangu nimekuta ugomvi mmoja. Mke anamwambia mume: ulichelewa kutuondoa, ndiyo maana ng'ombe walikwisha. Katika hema ya pili mume analaumiwa kwamba aliharakisha, na kijiji kilibaki salama wiki mbili zaidi, wangeweza kuvuna maharagwe. Kijana anamlaumu baba yake kwa kuuza shamba. Dada anamlaumu kaka kwa mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mwingine njiani. Watu hawa waliamua katika dakika kumi, risasi zikisikika, wakiwa na pesa za siku mbili. Wanahukumiwa kwa miaka, mbele ya moto wa kupikia, na watu wanaojua tayari jinsi ilivyoisha.

Sisemi msiulizane. Kuna baba aliyekunywa pesa za safari, huyo aulizwe, kwa sababu alijua. Kuna kiongozi wa kamati aliyeandika majina ya ndugu zake tu, huyo aondolewe, kwa sababu alijua. Lakini yule aliyeacha mbuzi ili abebe mtoto, mwulizeni kwanza alikuwa na mikono mingapi.

Mama alipata mashine nyingine mwaka 2022. Ni ya zamani, inapiga kelele, na mdogo wangu na mimi tulichanga nusu kwa nusu. Tuliponunua, Mama alitazama mlango, akaniuliza: "Siku nyingine tukiambiwa tutoke, utafanya nini?" Nilimwambia nitaangalia mfuko, nitahesabu watu, halafu nitaamua. Akasema sawa, na akaendelea kushona.